Bao Lililoonekana Kwenye Kioo

Walimwita Kisogo, wala hakukasirika, kwa sababu jina lilitokana na kazi. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa mlinda jukwaa katika uwanja wa mpira. Mlinda jukwaa, kama hujawahi kumtilia maanani, ni yule mtu mwenye kizibao cha rangi ya chungwa anayesimama kando ya uzio mfupi akiwatazama mashabiki, huku mchezo wenyewe ukiendelea nyuma yake. Kanuni ilikuwa moja, na iliandikwa kwa rangi nyekundu kwenye ukuta wa chumba cha kubadilishia nguo: macho kwa watu, mgongo kwa mpira. Ukigeuka mara ya kwanza unaonywa kwa barua. Mara ya pili unarudisha kizibao.

Kwa hiyo mwanamke huyu aliingia uwanjani bure kila Jumamosi, akasimama hatua nne kutoka kwenye nyasi, na katika miaka yote hiyo hakuona hata bao moja. Cheka ukitaka, yeye mwenyewe alikuwa akicheka. Mpira aliujua kwa nyuso za watu. Wakinyanyuka kidogo bila kusimama, ni kona. Wakishika vichwa, mpira umegonga mwamba. Mzee mmoja wa safu ya tatu alikuwa hufumba macho kila ilipopigwa penalti, na Kisogo aliyajua matokeo kwa jinsi mzee alivyoyafumbua. Nyumbani alikaa na dada yake mkubwa, mshona nguo, tangu wote wawili walipobaki wajane. Dada akimuuliza nani kashinda, alijibiwa kwa uhakika kuliko redio.

Sasa siku ya bao lenyewe. Ilikuwa mechi isiyo na maana yoyote, timu ya nyumbani na timu dhaifu kutoka mbali, bila kwa bila hadi dakika za mwisho. Watu wa televisheni hawakujisumbua kuja. Upepo ulikuwa mkali, vumbi likawaingia watu machoni, na zaidi ya nusu wakaondoka mapema ili wasibanane milangoni. Jua la alasiri lilipiga moja kwa moja kwenye chumba cha wageni rasmi, kile cha juu katikati ya jukwaa kuu, chenye dirisha moja refu la kioo lililoinamia uwanjani. Wageni walipochoka kukunja nyuso walivuta mapazia mazito. Na kioo chenye pazia zito nyuma yake, mwanga wote ukiwa nje, kinageuka kuwa cha kujitazamia.

Kisogo alikuwa amesimama pale pale pake anawatazama watu wake. Akainua macho kidogo tu, na uwanja wote ulikuwa juu pale kwenye kioo, mdogo na safi, nyasi, mistari myeupe na vijana wakikimbia. Ndiyo kwanza anauona mchezo unaomlisha, tena bila kugeuza hata shingo.

Wengine wote waliobaki walitazama mbele, kwa washambuliaji. Yeye macho yalimwangukia kipa wa nyumbani. Akamwona anauweka mpira chini, anarudi nyuma hatua tatu akichechemea, anakimbia, anapiga kwa mguu wa kushoto. Mpira ukapanda na upepo ukaudaka huko huko juu. Ukaenda kama mtu aliyeitwa kwa jina lake, ukavuka mstari wa katikati, ukadunda mara moja. Kipa wa upande wa pili alikuwa ametoka golini kwake kwenda kuzozana na mwamuzi. Akaanza kurudi kinyumenyume, akaanguka chali, na mpira ukampita polepole kabisa mpaka wavuni.

Bao la kipa, kutoka golini kwake hadi golini kwa wenzake. Kuna watu wamezeekea viwanjani na wamezikwa bila kuliona. Hata wale wachache waliokuwepo waliona nusu yake ya mwisho tu, mpira ukishuka, maana nani hutazama mguu wa kipa? Aliyeona yote, toka mguu hadi wavu, alikuwa mwanamke mmoja aliyelipwa ili asione.

Na hapo akafanya kosa. Nalisema waziwazi kwa sababu ni kosa la mtu mwenye furaha, na watu wenye furaha huwa hawaangalii wanaongea na nani.

Msimamizi wa walinda jukwaa alikuwa bwana mmoja mnene, mpenda marashi, aliyependa kuitwa Mkuu hata na watu waliomzidi umri. Alikuwa amehudhuria kila mechi pale kwa miaka ishirini, na alijisifia hilo kila alipopata mtu wa kumsikiliza. Dakika ile ya bao alikuwa nje, anageuza gari lake lielekee barabarani asije akakwama. Alisikia kelele akiwa kwenye usukani. Akaingia mbio, jasho likimtoka, anamuuliza kila aliyekutana naye, “Nini? Kuna nini?” Na Kisogo, badala ya kunyamaza, akatabasamu mpaka meno ya mwisho.

“Mkuu, kipa kafunga,” akamwambia. “Kutoka kule kwake. Nimeliona lote.”

Alimwona anavyobadilika rangi. Wakati ule alidhani ni uchovu wa kukimbia. Baadaye, kwa miaka tisa, aliuchambua uso ule kama mtu anayechambua mchele, akakuta ndani yake kitu kimoja tu, nacho ni wivu. Mtu aliyekaa pale miaka ishirini akisubiri jambo kama lile amelikosa kwa sababu ya gari, na aliyeliona ni Kisogo.

Jumatatu akatakiwa kuandika barua ya kujieleza. Akaandika kurasa mbili, kwa mwandiko wake wa shule, mzuri. Ukurasa wa kwanza alieleza kwamba hakugeuka, kwamba alionea kwenye kioo cha chumba cha wageni, na kwamba yuko tayari kwenda kuonyesha alipokuwa amesimama. Ukurasa wa pili, sijui kwa nini, labda kwa sababu hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza, akaliandika bao lenyewe. Aliandika mguu wa kushoto, upepo, kuanguka chali, vyote.

Mkuu aliupitia ukurasa wa kwanza kwa sekunde chache na kuuweka mezani.

“Kama hukugeuka, umeonaje?”

“Kwenye kioo, Mkuu. Nimeandika hapo.”

“Kioo.” Akacheka puani. “Miaka ishirini niko hapa, sijaona mpira kwenye kioo. Ungesema umeota ningekuelewa.”

Ukurasa wa pili aliusoma kwa kusimama. Akausoma tena. Halafu akaukunja mara nne, akautia kwenye mfuko wa shati. Ule wa kwanza ulibaki mezani, na juu yake akaweka kikombe chake cha chai.

“Unajua kuandika,” akasema. “Rudisha kizibao.”

Hakuwa na onyo hata moja katika miaka yote ile. Alirudisha kizibao akiwa amekikunja vizuri, jambo ambalo baadaye lilimuuma kuliko yote. Alitamani angalau angekitupa.

Akapata kazi ya kupiga pasi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, chini kabisa kwenye ghorofa isiyo na madirisha isipokuwa moja. Mashuka, makoti, kanzu za wagonjwa. Kazi ya moto, lakini yenye redio. Na miezi michache baadaye, asubuhi moja, redio ile ikamtolea sauti anayoijua.

“Nilikuwa nimesimama kando ya uzio, hatua nne kutoka kwenye nyasi,” ilisema sauti ya Mkuu, laini, yenye mapozi. “Wengine wote walitazama mbele. Mimi macho yangu yalimwangukia kipa. Mpira ukaenda kama mtu aliyeitwa kwa jina lake…”

Kisogo aliinua pasi juu akaishikilia hivyo hivyo. Neno kwa neno. Hata pale alipokuwa amesita akaandika “polepole kabisa”, Mkuu alisita. Mtangazaji akapumua kwa mshangao na kumuuliza aliona nini ambacho wengine hawakukiona.

“Mguu,” akasema Mkuu. “Kipa yule ni wa mguu wa kulia, kila mtu anajua. Siku ile alitumia wa kushoto. Ndiyo siri ya bao lile, na shahidi ni mimi peke yangu.”

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Wahenga hawakuwahi kukutana na Mkuu. Njia yake ilikuwa na lami na taa pembeni. Kila mwaka tarehe ile walimwita redioni. Wakamwita mashuleni. Watu wakubwa walipokuja mjini walitaka wakae naye mezani awasimulie. Kutoka msimamizi akawa naibu meneja wa uwanja, kisha meneja, na kila daraja alilopanda alilipanda juu ya ukurasa wa pili wa barua ya mwanamke aliyemfukuza.

Huenda unajiuliza, kwani yeye alipoteza nini? Kazi alipata nyingine. Bao aliliona, na jicho halinyang'anywi kilichokwisha kuingia. Dada yake alimwambia hivyo hivyo. Lakini niulize mimi: jambo la mara moja ulilolishuhudia lina faida gani? Huwezi kulila, huwezi kulivaa, na haliezeki nyumba. Lina kazi moja tu, kumhadithia mtu mwingine, ili macho yake yapanuke, na wewe kwa kitambo kidogo uwe mtu aliyekuwepo. Hicho ndicho alichoibiwa. Siku moja alijaribu kumsimulia mwenzake wa kwenye mashine, mama mmoja mcheshi waliyemwita Mvuke. Hakufika hata kwenye upepo.

“Aa, hiyo ya redioni,” akasema Mvuke. “Yule baba anaisimulia vizuri zaidi.”

Hakujaribu tena. Akaendelea na pasi, na tangu siku hiyo kila shuka alilolipiga pasi lilikuwa mgongo wa Mkuu. Mashuka ya hospitali ile hayajawahi kunyooka kama miaka hiyo.

Mwenye kovu usidhani kapoa. Alilala na Mkuu, akaamka na Mkuu. Marehemu mume wake hakuwahi kufikiriwa kiasi kile. Alitunga njia za kumlipa na kuzitupa moja baada ya nyingine. Angesema hadharani kwamba Mkuu alikuwa nje anageuza gari? Angeulizwa ushahidi. Angesema maneno ni yake? Ukurasa wenyewe alikuwa nao Mkuu, kama hakuuchoma. Neno la mpiga pasi dhidi ya neno la meneja, matokeo yake unayajua.

Kisha, mwaka wa sita, akiwa na koti la daktari mkononi, akaipata njia.

Lilikuwa koti jeupe, jipya, lenye mfuko mmoja kifuani upande wa kushoto. Alilivaa kwa mzaha ili kumchekesha Mvuke, akajitazama kwenye lile dirisha moja, ambalo nyuma yake kulikuwa na ukuta mweusi. Mfuko ulikuwa kushoto kwake. Lakini yule mwanamke wa kwenye kioo, ukimtazama kama mtu mwingine aliyesimama mbele yako, alikuwa na mfuko upande wa kulia. Kisogo akainua mkono wa kulia. Yule akainua wa kushoto.

Akakaa chini kwenye rundo la mashuka.

“Umeona nini?” akauliza Mvuke. “Umeota ndevu?”

“Alipiga wa kulia,” akasema Kisogo.

“Nani?”

Kisogo akaitazama tena mikono yake. Alikuwa amekosea, ndiyo, lakini lilikuwa kosa la mtu aliyeonea kwenye kioo, na hakuna mwingine ambaye angelikosea hivyo. Mtu aliyesimama kando ya uzio akitazama nyasi kwa macho yake asingeweza kuuona mguu wa kushoto hata kwa dawa. Mkuu alikuwa ameiba barua pamoja na kosa lake. Miaka yote hiyo alikuwa anajitangaza mwongo kwa kinywa chake, na kulipambia kosa lile, na kuliita siri. Alikosekana mtu mmoja tu wa kumwambia hivyo, yaani mwenye mguu. Na mwenye mguu alikuwa amesajiliwa ng'ambo mwezi ule ule wa bao, hajarudi.

Kisogo akaamua kusubiri. Hakumwambia mtu isipokuwa dada yake. Unajua jinsi mtu anavyosubiri embe alilolificha kwenye gunia la mchele? Analipapasa kila siku bila kulila. Alisubiri hivyo miaka mitatu, na sitaficha kwamba ilikuwa miaka mizuri. Kila mwaka redioni aliposikia “mguu wa kushoto” alitabasamu peke yake juu ya pasi. “Sema tena,” alinong'ona. “Sema kwa nguvu.”

Mwaka wa tisa kipa akarudi, ameacha kucheza, na uwanja ukatangaza sherehe. Kipa angeketi kwenye jukwaa dogo lililojengwa kando ya nyasi, Mkuu angelisimulia bao mbele yake, na wananchi wangeruhusiwa kuuliza maswali.

Dada yake alikuwa anatia uzi kwenye sindano aliposikia habari hiyo. Akaiweka sindano chini.

“Mdogo wangu, unakwenda kufanya nini?”

“Kuuliza swali.”

“Nenda kwa kipa faragha. Mwambie ulikuwepo. Mhadithie ulivyoona. Hilo si ndilo ulilolitaka?”

“Nalitaka,” akasema Kisogo. “Lakini kwanza nataka huyu.”

“Atafukuzwa kazi.”

“Afukuzwe.”

“Atachekwa na mji mzima.”

“Dada, unanipa zawadi zote mara moja.”

Dada akatikisa kichwa, lakini alimshonea gauni, na siku yenyewe akaenda naye. Damu ni damu.

Walikaa safu ya pili. Kisogo aliingia kwa mlango wa mashabiki kwa mara ya kwanza maishani, akakaa kwenye kiti, akatazama mbele. Mkuu alikuwa jukwaani na suti ya kijivu na kofia. Amenenepa zaidi. Pembeni yake alikaa kipa, mtu mpole mwenye mvi za mapema, ambaye alionekana kama angependa kuwa kwingine. Mkuu alisimulia. Na kusema haki, alisimulia vizuri. Watu waliokwisha kuisikia mara kumi walinyamaza tena. Alipofika kwenye mguu wa kushoto akanyoosha kidole kumwelekea kipa, na kipa akacheka kidogo kama anayesikia utani.

Maswali yakaanza. Kisogo akainuka.

“Habari za leo, Mkuu.”

“Nzuri, mama. Uliza.”

“Siku ile ulikuwa umesimama wapi?”

“Hapo chini, kando ya uzio, hatua nne kutoka kwenye nyasi.”

“Uliona kwa macho yako, au ulihadithiwa?”

Watu wakaguna. Mkuu akatabasamu kwa subira. Alikuwa bado hajamtambua. Kwa nini amtambue, alikuwa amezoea kumwona kwa kizibao.

“Kwa macho yangu haya mawili.”

“Mguu wa kushoto.”

“Wa kushoto, mama. Hilo hata watoto wa shule wanalijua.”

“Basi naomba tumuulize mwenye mguu,” akasema Kisogo, akakaa.

Kipa akapewa kipaza sauti. Akakigeuza mkononi.

“Nilidhani mzee anatania,” akasema. “Mimi nilipiga wa kulia. Siku ile nilikuwa nimekanyagwa kipindi cha kwanza, kucha ya kidole gumba cha kushoto iling'oka yote. Nilisimamia kisigino. Nisingeweza kupiga hata puto.”

“Miaka mingi imepita,” Mkuu akasema haraka. “Labda umesahau.”

“Mzee, kucha haisahauliki.” Na kwa upole wake wote kipa akainama, akavua kiatu, akavua soksi, akauinua mguu wa kushoto mbele ya umati. Kidole gumba hakikuwa na kucha. “Haijaota mpaka leo.”

Kicheko kilianzia safu za nyuma. Mkuu akafungua mdomo, akasema kitu kuhusu upande aliokuwa amesimama, na vumbi, na jua. Hapo Kisogo akainuka tena, bila kipaza sauti, lakini aliyeishi miaka kumi na mmoja akiwaamuru watu elfu wakae hahitaji kipaza sauti.

“Mimi niliona wa kushoto, Mkuu, kwa sababu niliona kwenye kioo kile kule juu, na kioo hugeuza. Nilikuandikia ukurasa wa kwanza. Nikakwambia na kwa mdomo. Hukuamini, ukachukua ukurasa wa pili, ukanifukuza. Wewe ulionea wapi?”

Akamtambua. Kisogo aliona jambo hilo likitokea, na aliliona moja kwa moja, mchana kweupe, bila kioo. Kwanza macho yalimtazama gauni, yakapanda hadi usoni, yakasimama. Kisha shavu moja likacheza. Kisha mkono ukapanda kwenye mfuko wa shati, penye moyo, ukapapasa kana kwamba karatasi bado imo. Umati ukauona mkono huo. Mtu mmoja akapaza sauti, “Mwacheni atafute barua,” na uwanja wote ukaangua kicheko, kile kicheko ambacho hakina huruma kwa sababu hakina mwenyewe.

Kisogo alikunywa kila tone. Watu wema husema kisasi ni kichungu. Watu wema hawajawahi kukionja, kilikuwa kitamu, kitamu hadi kwenye fizi.

Sherehe ikavunjika. Watu wakamiminika chini. Katika msukumano ule kipa, kiatu kimoja mkononi, alipenya mpaka safu ya pili akasimama mbele yao.

“Mama,” akasema, “kwa hiyo wewe uliliona. Lote.”

“Lote,” akasema Kisogo.

“Mimi sikuliona.” Aliona haya kulisema. “Nilipopiga, yale maumivu, niliinama nikashika kidole. Nilipoinua kichwa watu wanakimbia kunirukia. Miaka tisa kila mtu ananiuliza lilikuwaje, najibu uongo. Naomba unihadithie. Mpira ulipanda vipi?”

Dada akamshika Kisogo mkono, akaubana. Kisogo akafungua mdomo.

Lakini nyuma ya bega la kipa, Mkuu alikuwa ameanza kushuka ngazi za jukwaa. Hakuna aliyemsaidia. Watu walikuwa wamemwachia njia, si kwa heshima, kwa namna ya kumwepuka mtu aliyelowa. Kofia ilimdondoka na mtu akaisukuma kwa mguu hadi ngazi ya chini zaidi.

“Subiri kidogo,” Kisogo akamwambia kipa.

Akasogea pembeni apate kuona vizuri. Mkuu aliinama kuchukua kofia, akakosa ngazi, akapiga goti, akanyanyuka akishikilia chuma. Hakuivaa. Akaamua kupita katikati ya uwanja ili asipite kwa watu, na uwanja ni mpana, na mtu aliyechekwa hutembea polepole kwa sababu anajikaza asikimbie. Kisogo alimsindikiza kwa macho kutoka mstari hadi mstari. Hakupepesa. Alimtazama mpaka mlango wa upande wa pili ulipofunguliwa, akatoka, ukafungwa.

Alipogeuka, kipa hakuwepo. Alikuwa amengoja, kisha wapiga picha wakamshika, kisha vijana wakambeba juu juu kumpeleka kwenye gari lililokuwa linangurumisha injini kumrudisha uwanja wa ndege. Kiatu chake kimoja kilionekana juu ya vichwa vya watu, kikaondoka.

Walitembea kurudi nyumbani.

“Miaka tisa ulikuwa unatafuta mtu wa kumhadithia,” akasema dada. “Leo umempata anayekuomba, tena ndiye mwenyewe, ukamwambia asubiri.”

“Ulimwona Mkuu alipokosa ngazi?” akauliza Kisogo.

Dada hakuwa ameona. Alikuwa anamtazama kipa.

Basi Kisogo akaanza kumhadithia, toka mkono ulipopapasa mfuko hadi mlango ulipofungwa, kofia, goti, chuma, ngazi moja baada ya nyingine, na alikuwa hajamaliza walipofika nyumbani.